Mahojiano Namba Saba

Mji wetu una mgodi wa chuma, makanisa manne na saluni moja, na hiyo saluni ni yangu. Kwa hiyo niliporudi shule nikiwa na miaka hamsini na nne, watu walicheka mpaka basi.

"Verna anakwenda kusomea umbea," alisema Joyce Perko, kichwa chake kikiwa ndani ya sinki langu, povu mpaka masikioni. "Si ungewafundisha wewe?"

Hakukosea sana. Somo lenyewe lilikuwa la kuchunguza maisha ya watu kwa kusikiliza wanavyojieleza. Mwalimu akanipanga na Leena Hautala, binti wa miaka ishirini na mbili kutoka mji wa Duluth, mpole, mwenye kalamu za rangi saba. Leena alikuwa ameshawahoji wake kumi wa wachimbaji: mgodi uliposimama ile miaka miwili, waliishije majumbani? Kila neno aliliandika, majina akayafuta, akaweka namba. Kazi iliyobaki ilikuwa kila mmoja wetu asome peke yake na kuandika pembeni ya kila maelezo lebo fupi ya kinachosemwa: aibu, ujirani, hasira. Kisha tulinganishe. Tukipatana mara nane kwa kila kumi, mwalimu anapitisha, na Leena anasoma matokeo maktaba mbele ya mji mzima, kila mtu na sahani yake ya chakula.

Kabla ya kupewa karatasi nilitia saini kwamba nitakayoyasoma hayatatoka mdomoni mwangu. Mimi! Msicheke.

Jumatatu saluni hufungwa, tukakaa humo na birika la kahawa. Namba moja tukapatana, namba mbili tukapatana. Namba saba tukagongana kila ukurasa.

"Hapa anasema, 'Kwa miaka kumi na moja nilikuwa na sanduku la nguo limepangwa tayari chini ya kitanda,'" Leena akasoma. "Mimi nimeandika 'uvumilivu'. Wewe, Bi Verna, umeandika 'anamwogopa mume'. Mume yuko mstari gani?"

"Yuko tu, mwanangu."

"Nionyeshe."

Nikafunua mbele, nikafunua nyuma. "Sasa utaelewaje sanduku bila mume? Duane wakati ule alikuwa akinywa kama..."

Nikaziba mdomo kwa kiganja, lakini nilishachelewa. Leena aliweka kalamu chini polepole.

"Duane ni nani?"

Ikabidi niseme: mume wa Joyce Perko. Nikamwonyesha ukurasa wa tatu, namba saba anapoeleza kwamba mkate wake wa potica, ule wa kuviringishwa na njugu, huutia kahawa iliyosagwa. "Mji huu mzima mwenye kutia kahawa ni mmoja. Hata watoto wa darasa la pili wanamjua."

Uso wa Leena ukapauka. "Nilimwahidi, Bi Verna. Nilikaa mezani kwake nikamwambia hakuna mtu atakayemtambua. Na huo ukurasa wa potica nilitaka kuusoma wote, ni mtamu mno. Bango liko maktaba tayari: 'Sanduku Chini ya Kitanda'."

Na Duane naye angekuwepo. Tangu aache pombe hakosi palipo na chakula cha bure.

Niliona haya, na si kwa sababu ya potica tu. Nilikuwa nimesoma kurasa za watu kwa macho ya umbea wa sinki langu. Tukarudi mwanzo, namba moja hadi kumi, na kwa kila lebo yangu Leena akauliza lile lile: mstari gani? Lebo thelathini na moja hazikuwa na mstari. Umbea safi, wa miaka na miaka, uliothibitishwa na mashahidi, nikaufuta mmoja mmoja kwa raba. Baada ya hapo tukapatana mara tisa kwa kumi, lakini Leena hakutabasamu.

Kesho yake alikwenda kwa Joyce peke yake. Mimi nilibaki saluni nikimkata nywele mzee mmoja fupi kuliko alivyotaka. Leena aliporudi, mashavu mekundu kwa baridi, nilimvuta kando.

"Nimemwambia naweza kuyatoa mahojiano yake yote," akasema. "Amesema potica itoke, sanduku libaki. 'Wewe lisome tu,' anasema, 'nusu ya wanawake wa hapa watadhani ni lao.'"

"Basi?"

"Akauliza nani mwingine amesoma. Sikuweza kumdanganya."

"Mungu wangu! Akasemaje?"

"Alicheka mpaka akatafuta kiti. Halafu akaacha kucheka."

Siku ya maktaba watu walijaa hadi kwenye rafu za watoto. Leena alisoma vizuri. Alipofika kwenye sanduku, nikaona wanawake wanne, kila mmoja anatazama viatu vyake. Duane alikuwa safu ya nyuma, anatafuna.

Baadaye, penye meza ya chakula, wakanizingira kama kuku wameona mahindi. "Verna, shoga, tupe jina. Ni Gladys?" "Gladys gani, Gladys hata sanduku hana!" "Wewe redio ya mji leo betri imekwisha?"

Joyce akajipenyeza katikati, sahani mkononi, akasimama uso kwa uso nami.

"Enhe, Verna," akasema kwa sauti ya kusikika. "Ni nani huyo mwanamke?"

Duane aligeuka kutoka kwenye bakuli la viazi, naye anataka kujua.

"Sijui," nikasema. "Zilikuwa namba tu."

"Namba tu?"

"Namba tu, Joyce."

Wenzetu wakaguna kwa kukata tamaa. Joyce akachukua kijiko, akaniwekea viazi kwenye sahani yangu, vingi kuliko nilivyohitaji.

"Kula," akasema. "Umekonda tangu uanze shule."