Wageni wa Hifadhidata

Kompyuta ya Injinia ilipokata roho, aliazima ya dada yake. Dada hakumnyima, ila alimwonya: "Humo mna kazi yangu. Tumia, usichokonoe."

Kazi yenyewe ilikuwa masimulizi ya wakunga wazee, aliyoyakusanya miaka mingi akibisha hodi mlango kwa mlango. Yote yalikaa kwenye hifadhidata ya kompyuta hiyo.

Injinia, jina walilompa nyumbani hata kabla hajaajiriwa, alikuwa na jaribio la kuombea kazi. Akawasha klasta yake ndogo, yaani kundi la programu zinazofanya kazi pamoja, kila moja ndani ya kontena yake, kama chumba kilichojitenga na kompyuta nzima. Zikagoma. Alikuwa ameziambia hifadhidata iko "hapa hapa", na kwa programu iliyo ndani ya kontena, hapa hapa ni humo humo ndani, ambamo hamna kitu. Alihangaika asubuhi nzima, mpaka akazipa anwani ya kompyuta yenyewe na kuiruhusu hifadhidata ipokee wageni. Kuunda ya kwake aliona uvivu. "Ya dada inatosha, kwa muda tu," alijisemea.

Zikaunganika. Akapiga meza kwa furaha, akaanzisha majaribio ya programu hizo. Alisahau kwamba majaribio yake huanza kwa kufagia kila kilichomo kwenye hifadhidata.

Dada alipofungua kazi yake jioni, alikuta patupu.

"Dada, si una nakala?"

"Ya mwanzo tu. Umefanya nini?"

Akamweleza.

"Kwa hiyo ziliunganika?"

"Ziliunganika."

"Hongera," alisema dada, akafunga kompyuta na kuipakata kama mtoto mgonjwa.

Kazi Injinia aliipata. Mama akawa anamsihi binti yake, "Mwanangu, msamehe, ni mdogo wako huyo." Dada akawa anajibu, "Sijamkasirikia, mama," na salamu za mdogo wake anaziitikia kama za mpangaji.

Injinia alipojitolea kumsindikiza wakaanze upya kukusanya masimulizi, dada alikubali. Nyumba ya kwanza walipokewa na mjukuu wa mkunga.

"Bibi yupo, karibuni. Ila siku hizi hakumbuki kitu. Hata mimi ananiuliza ni nani."

Dada aliingia kumwamkia. Injinia alibaki kizingitini, kinasa sauti mkononi, asijue akizime au la.