Kikao cha Yaliyoharibika

Kufuli alipoingia maabara bila kubisha hodi, Daktari wa Kuku alijua shari imefika. Kufuli ni jina la utani walilompa wafanyakazi. Kazi yake ilikuwa kulinda tafiti za chuo zisichukuliwe na watu wa nje, na kwa balaa la wote wawili, alikuwa pia mdogo wa mume wa Daktari.

"Shemeji, zima hiyo skrini kabla kikao hakijaanza."

"Kaka yako anajua umekuja kuniamrisha?"

"Kaka hana cheo hapa chuoni."

"Na wewe huna humu ndani."

Wasaidizi wakainamia vichupa kama waliodondosha sindano.

Maabara ile ilitafuta chanjo ya kuku inayostahimili joto, ambayo mfugaji angeitembeza juani bila friji wala barafu. Walikuwa wamebakiza kidogo tu. Na walikuwa na desturi yao: kila Jumatatu asubuhi, kabla mtu hajagusa kazi, kila mmoja husimama akaeleza kilichomharibikia wiki iliyopita, bila kuficha, bila kujitetea. Daktari ndiye aliyeianzisha, na akaipenda kama mtoto wa kumzaa.

Kwenye skrini ya ukutani, kila kikao, aliunganishwa msikilizaji mmoja wa ng'ambo. Wao walimwita Mshirika. Taasisi yake ndiyo iliyoleta mashine kubwa ya kugandisha na kukausha chanjo, ile iliyokuwa ikinguruma pembeni usiku na mchana.

"Mkataba unasema apewe matokeo chuo kikishayapitisha," Kufuli alisema.

"Matokeo hajapewa hata siku moja. Anasikia makosa tu."

"Makosa ndiyo mali yenyewe! Akishajua njia zote zilizoziba, iliyobaki ataiulizia ya nini? Watamaliza kabla yenu, kisha mkanunue kwao chanjo mliyoihangaikia nyinyi."

"Kijicho kitakuua. Kaa pale kwenye stuli uone Mshirika alivyo muungwana. Halafu utoke, na nyumbani kwangu usikanyage mpaka mimi nikuite."

Kufuli akakaa, mikono kifuani, sura kama mlango wa benki.

Mshirika akaunganishwa, kikao kikaanza. Msaidizi wa kike akasema sukari ya pili waliyoijaribu kuikinga chanjo iliganda vizuri, ila virusi vya chanjo vilikufa vyote vilipowekwa kwenye joto. Mshirika akauliza, kwa Kiswahili chake kilichonyooka kama kola ya shati: kiasi gani cha sukari? Joto la ngapi? Iliyeyuka pembeni au katikati? Kalamu yake ikawa inakimbia. Daktari alikuwa ameyasikia maswali hayo mara nyingi, lakini leo yalimchoma, na kilichomuudhi zaidi ni kwamba aliyemchokonoa hadi akayasikia vibaya alikuwa yule pale kwenye stuli.

"Ndugu yangu," alimwambia Mshirika, "leo zamu yako. Tumekuwa tukikuruka kwa heshima ya mgeni. Kipi kimekuharibikia wiki hii?"

Mshirika akacheka. "Kwetu mambo yanakwenda vizuri."

"Hata kichupa kimoja hakijapasuka?"

"Daktari, mambo ya ndani ya taasisi siruhusiwi kuyasema nje."

"Nje ndiyo mimi?"

"Usilichukulie vibaya. Ni taratibu."

"Hiyo sukari ya pili, mmeshaijaribu huko?"

Kalamu ya Mshirika ikasimama.

"Mmeijaribu, au hamjaijaribu?"

"Siwezi kusema."

Daktari alisikia damu ikimpanda masikioni. "Basi na mimi kuanzia leo siwezi kusema. Funga hilo daftari lako."

"Fikiria vizuri," Mshirika alisema, na sasa hakucheka. "Mashine ni yetu."

"Njoo uichukue!"

Akazima skrini. Hata hajageuka, ule mngurumo wa pembeni ukakatika. Fundi wa mashine akakimbilia vitufe, akabonyeza, akabonyeza tena.

"Wameifunga kutoka huko. Inataka namba ya siri."

Ndani mlikuwa na chanjo ya jaribio la mwisho, nusu imekauka, nusu ingali barafu. Baridi ikikatika, barafu inayeyuka na virusi vinakufa.

"Umefurahi?" Daktari alimgeukia Kufuli.

"Nilikuambia tangu…"

"Nimekuuliza umefurahi. Ulichoniambia sijakiuliza."

Kufuli akainuka kwenye stuli. Fundi alikuwa ameshafungua vali ya hewa kwa mkono, hewa ikaingia ikipiga mluzi, mlango ukaachia.

"Vua koti," Daktari akamfokea shemeji yake. "Vaa glavu. Trei zote ziende kwenye friza kubwa. Ukiitikisa hata moja, utaokota meno yako sakafuni."

Kufuli alivua koti. Wakabeba, wakipishana mlangoni bila kutazamana. Trei za juu zilikuwa bado ngumu. Za chini zilikuwa zimeshakuwa uji.

"Nitaiandikia kamati ya chuo iwalazimishe waifungue," Kufuli alisema akihema.

"Iandikie. Na uwaambie kuanzia leo tunakausha kwa kile kimashine chetu cha zamani kilichoko stoo, kidogokidogo, hata kama ni mwaka mzima. Yao siitaki tena, hata wakiifungua."

"Pole, shemeji."

"Pole yako kaa nayo. Shika hiyo trei, inachuruzika."