Mifupa ya Baba na Mji wa Hasar-gada

Tulirudi wengi kutoka uhamishoni Babeli, na kila ukoo ukaishia mjini kwake. Nikabaki peke yangu na gunia la mifupa ya baba, aliyeniapisha nimzike Hasar-gada, kwenye kaburi la babu.

Mchungaji niliyemuuliza njia alicheka. "Hasar-gada? Ndugu yangu, huku kuna vilima sita vya magofu, na kila kimoja nishaambiwa ndicho. Wewe chagua tu."

"Babu hachaguliwi kama kondoo," nikamjibu.

"Basi zunguka na mzee wako. Huyo hachoki tena."

Nilizunguka siku nne. Kwenye kilima cha sita nikachimba, nikamlaza. "Kama si hapa, baba, nisamehe."

Nikajenga kibanda pale pale, ili nimwambie kila mpita njia kwamba hii ndiyo Hasar-gada. Mpaka leo hajapita mtu.