Nge Aliyetoka Kwenye Kitenzi

Usiku wa kuamkia leo niliota nge ametoka kwenye kitenzi.

Kitenzi chenyewe kilikuwa cha simu yangu. Nina programu inayohesabu ninachokula. Kila jioni nikishaandika vyote nabonyeza palipoandikwa "Maliza siku," nayo inanijibu kwa sentensi ileile: "Kama kila siku ingekuwa kama leo, baada ya wiki tano ungekuwa na kilo 61."

Wiki tano ndizo zimebaki kufika mahafali yetu ya masomo ya jioni. Gauni langu la bluu fundi alilishona kabla sijapata mimba ya Kabula. Sasa zipu inapanda mpaka katikati ya mgongo, inasimama hapo kama mtu aliyesahau alikokuwa anaenda. Kwa hiyo sentensi ile naipenda. Naisoma nikinyonyesha, naisoma nikisonga ugali. Jana, Jumanne, niliisoma mara kumi na moja.

Kwenye ndoto, nilipoisoma mara ya kumi na mbili, herufi zikaanza kutikisika. Katikati ya "ingekuwa" akatoka nge, mdogo, rangi ya chai ya maziwa. Akateremka kwenye kioo cha simu, akasimama juu ya godoro.

Sikushtuka. Nilimwamkia, maana sarufi imenizidi umri.

"Shikamoo."

"Marahaba, Mama Kabula. Watoto hawajambo?"

"Ninaye mmoja tu. Hajambo, ila fizi zinamsumbua."

"Ana miezi mingapi?"

"Minane. Hajaota hata jino moja."

"Pole," akasema nge, akakunja mkia vizuri kama mtu anayekunja kanzu ili akae. "Mimi na mke wangu tumekuja kuaga. Tunakwenda likizo. Kila jioni unatusoma mpaka herufi zinapata joto."

Mkewe alikuwa anatoka kwenye "ungekuwa," kinyumenyume, na kifurushi kichwani. Hapo nikamkumbuka Mwalimu Nsulwa wa masomo ya jioni. Alitufundisha kwamba nge wa masharti huenda wawili, mmoja nusu ya kwanza ya sentensi, mwenzake nusu ya pili, na ukimweka mmoja peke yake umekosa. Siku ile nilidhani anazungumzia silabi.

"Kabla hamjaondoka," nikasema, "ile namba ni ya kweli? Sitini na moja?"

Nge akafikiri. "Mimi sijawahi kusema uongo. Kweli pia sijawahi kuisema. Kazi yangu ni kuweka 'labda' katikati ya neno."

"Lakini inanitia moyo."

"Moyo tunatia," akasema mkewe, akikaza fundo la kifurushi. "Chakula hatutii."

Wakashuka godoroni, wakapita chini ya mlango.

Walipokuwa wamekaa pakabaki matundu mawili. Simu haipendi matundu. Ikatafuta silabi iliyokuwa karibu, ikapata "me," ikaichomeka huku na huku. Lile "kama" la mwanzo likaona halina kazi tena, likaanguka chini ya kitanda. Nikasoma:

"Kila siku imekuwa kama leo. Baada ya wiki tano umekuwa na kilo 61."

Asubuhi ni Jumanne.

Naamka, nakunywa uji kikombe kimoja usio na sukari. Naandika. Saa nne nakula vipande vitatu vya matobolwa, vile viazi vyetu vya kukausha. Programu haiyajui matobolwa, inauliza kama nilikusudia matofali. Nakubali matofali, maana hayanenepeshi. Mchana nakula matonge manne ya ugali kwa mlenda. Simu inauliza: tonge la mkono wa nani? Naandika: wangu. Inasema: unyooshe niuone. Naunyoosha.

Jioni Baba Kabula anarudi kutoka karakana, nywele zina unga wa mbao upande wa kushoto. Anachungulia sahani yangu.

"Mke wangu, umekula au umehesabu tu?"

Nacheka. Tunacheka wote. Nabonyeza "Maliza siku."

Asubuhi ni Jumanne.

Uji. Matofali matatu. Matonge manne. "Mke wangu, umekula au umehesabu tu?" Nacheka kidogo.

Jumanne ya tisa nacheka kwa heshima. Jumanne ya kumi na nne namsaidia kuuliza, tunasema kwa pamoja kama wanakwaya, naye haoni ajabu. Unga wa mbao ni uleule, upande uleule.

Jumanne ya thelathini na tano napanda kwenye mzani. Sitini na moja kamili. Navaa gauni. Zipu inapanda, inapita katikati ya mgongo bila kuuliza njia, inafika shingoni. "Tumefika, mama," inasema, inahema.

Napiga kigelegele. Namgeukia Kabula anione.

Kabula amekaa kwenye mkeka, anatafuna mwiko. Ni Kabula wa Jumanne. Fizi ni nyekundu zilezile, zimevimba palepale. Natia kidole: hakuna kitu. Nampima: kilo saba na gramu mia mbili. Jumanne ya kwanza ilikuwa saba na mia mbili.

Wiki tano nzima, mwanangu ameniachia mimi nitembee, yeye amekaa.

Kliniki yetu ni Alhamisi. Mwezi uliopita mstari wake kwenye kadi haukupanda, ulilala. Nesi Kalunde akaniuliza, "Mama, wewe mwenyewe unakula?" Nikamjibu, "Nakula sana," nikafunga kanga vizuri, nikaondoka. Tangu siku hiyo naiogopa Alhamisi hii, mstari usije ukalala tena. Sasa naelewa kwamba Alhamisi yenyewe haiji.

Nambeba Kabula mgongoni juu ya gauni la bluu, natoka kuwatafuta nge.

Mlango wa chumbani unafungukia darasani. Mwalimu Nsulwa yuko ubaoni. Dawati la nyuma wamekaa nge na mkewe, wanamenya karanga.

"Mama Kabula, umechelewa wiki tano," anasema Mwalimu. "Simama. Tunga sentensi ya masharti."

Nasimama. "Kama mwanangu a... kuwa na jino, ni... kuwa na furaha."

"Ina matundu."

"Najua, Mwalimu. Wenyewe wako likizo. Wale pale dawati la nyuma."

Mwalimu anageuka, anawatazama. Mke wa nge anampungia mkono.

"Likizo ni haki ya mfanyakazi," anasema Mwalimu. "Haya, kaa upimwe."

Nakaa, na kiti ni ile kaptula ya kitambaa wanayowaning'inizia watoto kliniki. Darasa nalo ni kliniki, limekuwa kliniki tangu asubuhi. Naning'inia kwenye ndoano ya mzani, miguu hewani, Kabula yuko mgongoni bado. Akina mama walioko kwenye benchi wanasogea watazame.

"Huyu mkubwa ana miezi mingapi?" anauliza mmoja.

"Mia tatu na kumi na mbili," najibu.

"Katulia, jamani! Wangu akiwekwa hapo ni kelele mpaka barabarani."

Nesi Kalunde anasoma mshale, anafungua kadi ya Kabula, anachora mstari wangu. Kalamu inashuka vizuri kwenye ukurasa. Inashuka, inatoka nje ya kadi, inaendelea kwenye meza.

"Hongera, umeshuka," anasema. "Sasa tumchoree mtoto." Anaweka kalamu kwenye kadi. Haiandiki. Anaitikisa, linadondoka tone moja, jeupe, basi. "Wino umeisha. Ninyi wawili mnatumia kalamu moja, mama. Hukuambiwa?"

"Sikuambiwa."

"Unakula?"

Jibu ninalo. Limekaa tayari kwenye ulimi, limekaa hapo mwezi mzima. Lakini Kabula ananipumulia shingoni, pumzi yake inanuka uji, na kinachotoka ni kitu kingine.

"Sijala," nasema. "Nina njaa tangu Jumanne."

"Jumanne ipi?"

"Zote."

Katika Jumanne zote thelathini na tano neno "sijala" halimo. Juu ya meza ya nesi simu yangu inapiga chafya. Silabi mbili zinaruka kutoka kwenye sentensi, zinakimbilia mlangoni zikilia me, me, kama mbuzi waliofunguliwa kamba.

Mama mmoja wa benchi la mbele anafungua bakuli lake, ananyoosha mkono, ananilisha tonge hapohapo ninaponing'inia. Haulizi la mkono wa nani. Mwingine analeta kiazi. Mwingine ananishikia kikombe cha maziwa, ananifuta kidevu kwa kanga. "Kula, mwanangu," anasema, ingawa mimi na yeye tuko rika moja. Nakula. Mshale wa mzani unapanda kidogo, na hakuna anayesema kitu.

Nge anapanda kwenye kamba, anakaa karibu na sikio langu.

"Tumesikia ulivyosema," anasema. "Tunaweza kurudi kazini. Ila kwa sharti."

"Si ninyi wenyewe ndio masharti?"

"Usinichekeshe, nitaanguka. Sharti ni moja: jioni utusome mara moja tu, kisha ulale. Na huu mwiba wangu nauacha. Ulikuwa unakuchoma, sivyo?"

"Kidogo. Kila jioni. Nilidhani ndiko kutiwa moyo."

Nge anakunjua mkia. Anaung'oa mwiba kwenye mkia wake, mdogo, mweupe, ncha imepinda. Anatafuta pa kuuweka. Kabula anachungulia begani kwangu, amefungua kinywa, kama anavyokifungua kwa kila kitu anachokiona mkononi mwa mtu.

"Una sumu?" nauliza haraka.

"Sumu ilikuwa kwenye namba. Huu ni mfupa tu."

Anauchomeka kwenye fizi ya chini, taratibu, kama Baba Kabula anavyochomeka kigingi kwenye mguu wa kiti. Halafu anamshika mkewe mkono. Mkewe anaingia kwenye kitenzi chake mguu mmoja, anasimama, ananigeukia.

"Na hilo gauni mpelekee fundi," ananiambia. "Lina kitambaa cha akiba kwenye mshono. Sisi tumepita ndani yake."

Kamba ya mzani inakatika.

Niliamka kwa maumivu. Kulikuwa kumekucha, Kabula ananyonya, na alikuwa ameniuma. Nilipiga kelele mpaka Baba Kabula akaja mbio kutoka uani, mswaki mdomoni, povu mpaka kidevuni.

"Kuna nini, mke wangu?"

"Kaniuma!"

"Kakuuma na nini? Huyu kibogoyo?"

Nilimfungua kinywa, nikapitisha kidole kwenye fizi ya chini. Kulikuwa na kitu kigumu. Baba Kabula alivuta pazia, tukainamisha vichwa wote wawili. Jino moja, jeupe, limesimama peke yake. Ncha yake imepinda kidogo.

"Jana jioni nilimpangusa mwenyewe, halikuwepo," akasema, povu limemkaukia. "Usiku mmoja tu! Limetoka wapi?"

Sikumwambia. Atasema njaa inaniotesha vitu, na kwa sehemu fulani atakuwa sahihi.

"Leo ni siku gani?" nikamwuliza.

"Jumatano. Kwani vipi?"

"Niletee uji, baba. Vikombe viwili. Utie sukari na karanga."

Alinitazama, akaitazama simu iliyokuwa kwenye mto. "Nikuandikie humo?"

"Usiandike."

Alitoka anapiga mluzi. Nikalitoa gauni kwenye msumari, nikaligeuza ndani nje. Pembeni mwa mshono kulikuwa na kitambaa cha akiba, vidole viwili kila upande. Kisha nikachukua simu, nikaisoma ile sentensi mara moja. Nge wote wawili walikuwa wamekaa mahali pao, kimya. Haikunichoma.

Kabula akaniuma tena.