Mrithi wa Mtutu Mzito

Mtu akitaka kuchagua rivolva ya kulenga shabaha, asianze na macho. Aanze na kiwiko. Nimewaambia wateja hivyo kwa miaka minne, mabwana wenye saa za dhahabu wanaokuja kwenye klabu yetu ya shabaha hapa Dubai wakiulizia ile inayong'aa, na hawanisikii, maana kwao mimi ni mtunza ghala la silaha tu, Swaibu wa Masaka. Rivolva nzuri ya shabaha haina urembo. Mtutu wake ni mnene, ni nzito mbele, ukiinyoosha mkono unalalamika. Uzito huohuo ndio unaoituliza ile alama ya mbele ya kulengea isichezecheze, na risasi ikitoka mkono hauruki. Ubaya wake ni mmoja, inachosha. Ndiyo maana nasema kiwiko kwanza.

Boaz alinisikia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Boaz alikuwa Mkenya wa Bungoma, mtu wa mapokezi pale klabuni, na tulikaa chumba kimoja International City. Mwaka huo wa 2016 madam, meneja wetu, akatangaza kwamba mapokezi yanapunguzwa. Boaz angeweza kuwa mwalimu wa shabaha akipita mtihani: risasi thelathini, mita ishirini na tano, alama mia mbili hamsini kati ya mia tatu. Asipopita, visa inafutwa, khalas, anarudi kwao. Alikuwa na mke, Judy, na binti wa miezi kumi, Dorah, ambaye hajawahi kumshika hata siku moja. Mwalimu hupewa likizo na tiketi kila mwaka. Kwa hiyo kila risasi aliyopiga Boaz ilikuwa ni ya kumwona Dorah, na alisema hivyo waziwazi, mpaka akachosha watu.

Nafasi yenyewe ilikuwa ya Yowasi. Yowasi alikuwa Muganda mwenzangu, aliyewahi kulinda kambi Iraq kabla ya kuja Dubai. Mwezi wa tano alilala chumbani kwake Al Nahda na hakuamka. Tulichanga, mwili ukaenda nyumbani, akazikwa. Lakini kwetu mazishi hayamalizi kifo. Baadaye ukoo hukutana, humsimamisha mrithi mlangoni, humpa mkuki wa marehemu na kumwambia: kuanzia leo wewe ndiye yeye. Na hawatanii. Binamu yangu alirithishwa akiwa na miaka kumi na miwili, na kesho yake shangazi zangu, watu wazima na meno yao ya bandia, walikuwa wanampigia magoti wakimwita baba. Ukoo wa Yowasi ulikuwa bado haujamweka mtu. Walisema wanangoja mavuno.

Wafanyakazi tuliruhusiwa mazoezi ya muda wa saa moja kabla ya klabu kufunguliwa, kuanzia saa sita mchana. Siku ya kwanza nikampa Boaz ile ya mtutu wa inchi nne, nyepesi. Akapiga kwa mkono wake wa kushoto, kwani Boaz ni mashoto tangu kuzaliwa, akapata mia moja tisini na nane. Nikamwambia hiyo ni ya kubeba kiunoni, si ya kulengea. Nikampa ya inchi sita, mtutu mwembamba. Mia mbili thelathini na moja. Alama ya mbele ilikuwa inacheza kama nzi juu ya kikombe.

"Unataka mtutu mzito," nikasema. "Uko mmoja tu."

Alijua ni upi. Ilikuwa mali ya klabu, lakini Yowasi ndiye aliyeitumia miaka yote, na tangu afe hakuna aliyeigusa isipokuwa mimi na kitambaa changu cha mafuta.

"Zii, Swaibu. Hiyo ni ya marehemu," akasema. "Kwetu vitu vya marehemu havishikwi mpaka wazee wavigawe."

"Basi nakugawia mimi."

"Wewe ni mzee wa wapi?"

Nikataka kumchekesha. Wallahi hakuna zaidi ya hapo. Pale klabuni silaha haiwekwi mezani, inatoka mlangoni pa ghala mkono kwa mkono, silinda ikiwa wazi, tundu zote sita zimeonekana tupu, na anayechukua lazima aseme kwa sauti, "Nimepokea." Nikasimama mlangoni, nikaishika kwa mikono miwili, nikakunja uso kama mzee wa ukoo aliyenyimwa pombe.

"Boaz," nikasema, "kuanzia leo wewe ndiye Yowasi. Watoto wake ni wako. Nyumba yake ni yako. Ishike isianguke."

Boaz akacheka hadi akaegemea ukuta. Kisha akasema kama sheria inavyotaka, "Nimepokea."

Alipoishika, akaacha kucheka. "Ulikuwa umeikalia? Mbona kipini ni cha moto?"

Nikakigusa. Kilikuwa na joto la kiganja. Ghala letu ni nyuzi kumi na nane usiku na mchana, na ile kabati ni ya chuma. Nikamwambia ni mikono yangu.

Akapiga sita za kwanza. Nilikuwa naangalia karatasi kwa darubini, zote zimejaa katika duara jeusi, nikaanza kushangilia. Nilipogeuka kumpongeza ndipo nilipoona ameishika kwa mkono wa kulia.

"Umebadili mkono?"

Akaitazama mikono yake yote miwili. "Hata sijui. Imekaa tu."

Siku hiyo alipata mia mbili sabini na moja. Tulikula kuku wa kukaanga, tukacheka, akampigia Judy akamwambia aanze kumfundisha Dorah kusema baba. Nami nilifurahi kwa dhati, maana chumba chetu kilikuwa na watu sita na ni Boaz peke yake niliyekuwa naongea naye mambo ya moyoni.

Siku ya tatu akaanza kupuliza vidole baada ya kila risasi sita na kufuta midomo kwa nyuma ya mkono. Yowasi alikuwa na tabia hiyo. Nikajiambia Boaz alimwona akifanya, mtu huiga. Siku ya tano niliamka asubuhi nikamkuta ameketi ukingoni mwa kitanda, amekwisha kunyoa. Akaniambia, "Wasuze otya, ssebo?" Ni salamu ya kwetu, hata mgeni anaweza kuiokota. Lakini akaendelea. Akaniuliza kwa Luganda kilichonyooka kama mama yangu bado anaumwa goti, lile aliloumia alipoanguka kisimani. Mambo hayo nilimwambia Yowasi mwaka 2013, kwenye basi, Boaz akiwa bado hajafika nchi hii.

Nikamjibu kwa Kiswahili. "Boaz, hayo maneno umeyatoa wapi?"

"Maneno gani?" akauliza, naye kwa Kiswahili chake cha Bungoma, akitafuta soksi.

Mimi ni Mwislamu, nasali, na mambo ya mikuki milangoni niliyaacha Masaka. Hata hivyo asubuhi ile nilisoma Ayatul Kursi mara tatu.

Siku moja kabla ya mtihani tulikuwa kwenye basi, tunapita Al Warqa, Judy akamtumia picha. Boaz akaitazama muda mrefu, akanionyesha simu.

"Mtoto mzuri," akasema. "Anaitwa nani?"

Nilidhani ananitania. "Dorah," nikamwambia. "Ni Dorah wako, we mtu!"

"Aa, Dorah." Akarudia jina hilo polepole. Akageukia dirisha, na nikaona machozi yanamtoka. "Swaibu, kuna kitu kinanitoka. Nikishika ile kitu nje ya ghala najua kila kitu, halafu nikiirudisha nakuta nimepungua. Nikifeli kesho, nitakuwa sawa?"

Nikamwambia ni uchovu, alale.

Siku ya mtihani niliingia ghalani mapema. Nikaitoa ile rivolva, nikaiweka mapajani. Ilikuwa kazi ya dakika mbili: ningetoa springi moja, ningemwambia madam imeharibika, Boaz angepiga kwa ule mtutu mwembamba, angefeli, na wiki inayofuata angekuwa Bungoma na mtoto wake mapajani. Mzima. Bisibisi nilikuwa nayo mkononi. Nikafikiria chumba kile cha watu sita bila yeye, jioni zote zile nikila nikitazama ukuta. Sitajitetea. Niliogopa upweke kuliko nilivyoogopa kile kilichokuwa kinamla rafiki yangu. Nikairudisha bisibisi.

Boaz alipofika mlangoni nikampa. Mikono yangu ndiyo iliyokuwa baridi.

"Nimepokea," akasema. Mkono wake wa kulia ulikuwa umekwisha kunyooshwa kabla sijanyoosha wangu.

Alipata mia mbili themanini na nane. Madam akapiga makofi, akasema hajaona mtu kama huyo tangu Yowasi, akampa barua hapohapo. Akaniambia nimwongoze akasaini. Alisaini haraka, kwa mkono wa kulia, na sikuiangalia ile saini. Sikutaka kuiona.

Nilipotoka nje, nilimkuta kivulini kwenye benchi anaongea na simu kwa Luganda, anacheka kwa kifua kizima kama Yowasi alivyokuwa akicheka. Kutoka kwenye ile simu nilisikia sauti ya msichana ikimwita baba, "Taata! Taata!" Niliitambua. Ilikuwa ya Trinah, binti mkubwa wa Yowasi. Nambari yake nilikuwa nayo mimi peke yangu, kwenye daftari lililofungiwa sandukuni. Na huyo mtoto hakuwa analia wala kushangaa. Alikuwa anamweleza baba yake mambo ya shule.

Hapo simu yangu ikalia. Ilikuwa Judy.

"Shemeji, samahani kukusumbua. Boaz hashiki simu tangu jana. Amepita? Niambie tu amepita."

"Amepita, shemeji."

Akapiga kigelegele, hadi nikasikia Dorah akianza kulia kwa kushtuka. "Mpe simu! Mpe, tafadhali, Dorah amesimama leo, amesimama mwenyewe!"

Boaz alikuwa amemaliza kuongea na Trinah. Nikampa simu, nikimwomba Mungu sauti ya Judy imvute. Akaiweka sikioni. Akasikiliza kwa adabu, akiitikia "ee, ee," kama mtu anavyomsikiliza mgeni aliyepotea njia. Kisha akanirudishia.

"Ni mama mmoja wa Kenya, bambi, maskini," akaniambia kwa Luganda. "Anamtafuta mumewe. Msaidie."

Akainuka, akaenda kuwapokea wanafunzi wake wa saa nane.

"Swaibu?" Judy alikuwa ananong'ona sasa. "Huyo niliyeongea naye ni nani? Boaz wangu yuko wapi?"

Nilimtazama akifungua mlango wa klabu kwa mkono wa kulia.

"Ametoka kidogo, shemeji," nikamwambia. "Akirudi atakupigia."