Jibu Lililobaki Kwenye Kompyuta ya Mzee

Mzee wangu alikuwa na mtindo wake. Kila jioni akishakunywa chai hunitegea kitendawili. Nikishindwa nampa mji, ndipo anitajie jibu. Vyote alivichapa kwenye kompyuta yake, kitendawili na jibu chini, kwa programu ya enzi hizo.

Cha mwisho kilikuwa hiki: nyumba moja, wapangaji wawili, hawajawahi kuonana. Nikasema, usiku na mchana. Akacheka.

"Umekosa, mama watoto. Nipe mji."

"Sikupi! Nitalala nacho, kesho nakujibu."

Alfajiri hakuamka.

Binti yetu alipokuja kuzika, aliweka mfumo mpya kwenye kompyuta ile ili tuwe tunaonana kwa video, maana anaishi mbali. Uso wake nikawa nauona, ila faili la mzee likagoma kufunguka.

"Mama, tupa hilo kopo, nikununulie jingine."

"Nimtupe baba yako?"

Hakulitaja tena.

Miaka mitatu nikavumilia. Juzi nikamwita fundi wa kompyuta, yule tunayemwita Kiraka kwa kuwa hatupi kitu, aurudishe mfumo wa zamani uliokuwa ukilifungua faili la mzee.

"Bibi, mfumo huu wa zamani umezeeka. Hata waliouunda wameshausahau."

"Na mimi nimezeeka. Weka."

Akaigawa diski mafungu mawili, huku mpya, huku wa zamani. Alipomaliza akawasha: wa zamani ukaja, mpya haupo! Namtafuta baba, nampoteza binti.

"Tulia, Bibi. Wa zamani ukiwekwa baada ya mpya, huufungia mwenzake mlango. Haujaufuta."

Akagongagonga vitufe, jasho linamtoka, mpaka kioo kikaonyesha yote miwili.

"Ukiwasha, chagua. Ukikaa kimya nusu dakika, mpya unaingia wenyewe. Mmoja ukiwa macho mwingine umelala. Hawaonani hawa."

Nikacheka hadi akashangaa. Lakini jibu la mzee haliwezi kuwa hilo. Siku zile mashine ilikuwa na mpangaji mmoja tu.

Faili likafunguka. Nikashuka, ukurasa kwa ukurasa, kila kitendawili na jibu lake, mpaka cha mwisho. Wapangaji wawili. Chini yake ameandika: *Jibu: hajanipa mji, mbishi huyu.*

"Umepata, Bibi?"

"Nimepata," nikamdanganya, nikamsindikiza mlangoni.

Jana jioni nilimimina chai, nikawasha. Mashine ikauliza, mpya au wa zamani? Nikawahi kabla ya nusu dakika kwisha. Chini ya maneno yake nikachapa kwa kidole kimoja: *Haya, nimeshindwa. Nakupa mji wetu huu, na soko lake, na stesheni yake, na nyumba hii.*

Nikaweka mikono mapajani. Mbele ya neno la mwisho kijistari kikawa kinawaka na kuzima, kama mtu anayetaka kusema. Nikakingoja. Chai ikapoa, yangu na ile ya pili niliyomimina kwa mazoea.