Chumo Aingia Majini

Mtoto alikuwa amekwisha kukataa majina tisa.

Tangu alfajiri wanawake wa ukoo walikuwa nyumbani kwa Chepkemoi, mkaza mwana wa Mzee Kosgei, wakiwaita wazee waliotangulia mbele ya haki, mmoja baada ya mwingine, huku wakimnusisha mtoto chembe ya ugoro. Kwa desturi ya Wakipsigis, chafya ndiyo jibu: aliyeitwa amekubali kurudi. Mtoto alikunja uso, akalia, akalala. Hakupiga chafya.

Mzee Kosgei alikuwa mwalimu mkuu kwa miaka ishirini na mzee wa kanisa kwa kumi na mitano, na alikuwa ametangaza kwamba mambo hayo hayamhusu. Hata hivyo alikaa akasimama, akasimama akakaa. Alisoma ukurasa mmoja wa gazeti mara tatu, wala asingeweza kusema umeandikwa nini.

Adhuhuri mkewe alimjia uani.

"Limebaki moja, Baba Kipketer. Unalijua wewe."

"Halitaitwa katika boma hili."

"Basi mtoto atakaa bila jina?"

Mzee alichukua kofia na bakora yake. Alisema anakwenda mjini kumrudisha mjukuu wake Kipkoech, kijana wa kidato cha tano, ambaye hakustahili kuzurura siku kama hiyo. Ukweli ni kwamba miguu yake ilikataa kutulia.

Jina lililobaki lilikuwa la Chumo, mdogo wake, aliyechukuliwa na Mto Molo katika masika ya mwaka wa 1932. Kwa miaka arobaini na sita Mzee Kosgei hakulitamka, wala hakuruhusu litamkwe.

Kipkoech alikuwa mahali pake pa kila Jumamosi, katika karakana ya Pritam, seremala wa Nakuru, ambako vijana wanne walijifungia katika stoo ya mbao na mchezo wao. Mzee alikuwa amefika mlangoni aliposikia sauti ya mjukuu wake ikipaa juu ya kelele za msumeno:

"Chumo anazama! Chumo anazama, jamani!"

Bakora ilibaki hewani. Kisha aliusukuma mlango.

Palikuwa na meza ya mwerezi, karatasi moja iliyojaa mwandiko, na dadu mbili za ludo. Kwenye kichwa cha meza alikuwa Balwant, mwana wa Pritam. Kushoto kwake Manju, binti wa mwenye duka la vitambaa. Kulia Ndung'u wa Dundori, na Kipkoech akiwa amesimama na jasho usoni.

"Nani amekupa jina hilo?" aliuliza Mzee.

"Kugo! Babu, ni... ni la shujaa wangu."

Balwant aliinuka kwa adabu. "Mwalimu, ni mchezo tu. Binamu yangu aliniandikia habari zake kutoka Uingereza, sheria tukajitungia. Kila mtu ni shujaa mwenye uwezo mmoja usio wa kibinadamu, na udhaifu mmoja. Mimi nasimulia hatari, wao wanasema watafanya nini, dadu inaamua. Nne kwenda juu umefaulu. Ukishindwa mara tatu umekufa."

"Na katika mchezo wa leo bwawa la Dundori limepasuka," alisema Ndung'u. "Viazi vya baba yangu vyote vimekwenda Nakuru bila lori."

"Nyamaza wewe," alisema Manju. "Ngozi yako ya chuma imezama kama sufuria, na mimi mabawa yameloa. Chumo peke yake ndiye yuko majini, na ameshindwa mara mbili."

Mzee alianza kuizunguka meza. "Kipkoech, kofia yako. Twende."

"Nikiondoka anakufa, Kugo. Sheria ni hiyo."

"Udhaifu wake ni nini?"

Kijana alitazama karatasi. "Hawezi kusikia kilio asikiitikie. Bibi alinisimulia, Kogo mwenyewe. Alisema Chumo aliingia mtoni kwa sababu ndama alilia."

"Na mimi? Alisema nini juu yangu?"

"Alisema hukuwa mbali."

Mzee aliendelea kuzunguka, bakora ikigonga sakafu, mpaka Manju akashindwa kuvumilia. "Mwalimu, tafadhali keti. Unaizunguka meza kama fundi aliyepoteza futi yake."

Katika miaka yote ya kushika chaki, hakuna msichana aliyewahi kumwambia hivyo. Aliketi.

"Hakuna wa kumsaidia?" aliuliza, na sauti yake haikuwa ile ya darasani.

"Shujaa mpya anaruhusiwa," alisema Balwant. "Ataje mbele ya wote uwezo wake na udhaifu wake. Akiingia penye udhaifu huo huo, anatupa dadu mbili badala ya moja, na moja tu ikifika nne inatosha."

"Uwezo wangu ni sauti. Nikiita, husikika ng'ambo ya uwanja."

"Hata Dundori huwa tunakusikia, Mwalimu," alisema Ndung'u.

Hakuna aliyecheka, kwa maana Mzee alikuwa amevua kofia.

"Shujaa huyu anaogopa maji," alisema. "Alikuwa na miaka kumi na sita. Alisimama ukingoni. Kamba alikuwa nayo mkononi, ndefu ya kutosha, na mdogo wake alimwita mara mbili. Andika."

Balwant hakuandika. Alisema polepole, "Chumo anakutazama. Maji yamemfika kidevuni. Unafanya nini?"

"Naingia."

"Na uwezo wako?"

Mzee Kosgei alisimama, akajaza kifua.

"Chumo!"

Nje, msumeno ulinyamaza. Alizitupa dadu kama mtu anayetupa kaa la moto. Moja ilisimama papo hapo ikionyesha mbili. Ya pili ilijiviringisha hadi ukingoni mwa meza, ikajiegemeza kwenye ufa wa ubao ikionyesha tatu.

"Ufa!" alisema Balwant, akinyoosha mkono upesi. "Haijakaa sawa. Rudia, Mwalimu."

"Imekaa sawa. Usinifanyie hisani ya udanganyifu, kijana. Simulia."

Balwant aliutazama uso ule mgumu, akaona hautabadilika.

"Hiyo ni ya tatu kwa Chumo. Maji yanawafunika wote wawili," alisema. "Kamba iko mikononi mwao."

Kipkoech aliinamisha kichwa. Babu yake alimwekea kofia kichwani mwenyewe. "Twende nyumbani," alisema. "Haraka."

Mvua iliwakuta njiani. Mzee hakujikinga wala hakupunguza mwendo, na kijana mwenye miguu ya kandanda alilazimika kukimbia ili asiachwe. Kwenye mlango wa Chepkemoi mkewe alijitokeza, mikono kiunoni.

"Mwanamume haingii humu, unajua."

"Siingii."

Alisimama palepale uani, matone yakimtiririka shingoni, akaita kwa sauti iliyowahi kunyamazisha shule nzima:

"Chumo!"

Minong'ono ya ndani ilikatika. Wanawake hawakuwa wamepata kuona jina likiitwa na mwanamume, tena kutoka nje, lakini hakuna aliyethubutu kumkosoa. Mzee alingoja. Miguu yake, iliyotangatanga tangu alfajiri, haikusogea.

Kisha sauti ya mkewe ikapenya mvuani, nyembamba, ya mtu anayeogopa kupumua:

"Lirudie, Baba Kipketer. Amekunja pua."